Aliyemwitikia Mbwa

Siku ya ishirini ziwani Santa aliamshwa, kama siku zote, na jina lake mwenyewe.

“Santa Aol!”

“Yupo, afande,” akaitika, macho bado hajayafungua.

Sajini mstaafu Kidega hakuwa na mchezo na kuhesabu watu. Alitumikia polisi miaka thelathini, kumi na minane kati ya hiyo katika kikosi cha majini, na humo alijifunza sheria moja ambayo hakuna wa kumwondolea: mmoja asipokuwepo, boti halitoki. Sasa alikuwa na boti lake mwenyewe, la tanga, na watu wa kuhesabu walikuwa mkewe, binti yake na mbwa. Aliwahesabu vile vile. Asubuhi kabla ya kung’oa nanga, na tena mkifika kabla mtu hajashuka, atasimama na daftari mkononi na kalamu sikioni, anaita majina kama mtu mwenye askari mia mbele yake. Akimaliza binadamu anaita, “Kuruta!” Na Kuruta, mbwa wa rangi ya majivu mwenye sikio moja lililokatika, hubweka mara moja, naye Kidega hutia alama. Ukitaka kucheka, chekea mfukoni.

Boti liliitwa Pensheni. Jina hilo alilipaka Kidega mwenyewe kwa brashi, herufi ya mwisho ikakosa nafasi na kupanda juu kidogo. Alilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anahama Uganda, likiwa limelala kifudifudi kwenye nyasi pale Ggaba, gati la Kampala, vyura wameshahamia ndani. Akalikarabati miaka minne. Watu wakastaafu wakafuga kuku, Kidega akafuga boti. Santa alimpelekea chakula kila mchana bila kunung’unika, kwa kuamini kwamba mwanamume akiwa na kazi ya mikono haendi baa. Hakujua kwamba kuna siku boti litamaliza kukarabatiwa.

Lilipomalizika ndipo Kidega akatoa lililokuwa moyoni. Alitaka wauze nyumba yao ya Kyebando, mjini Kampala, wahamie ndani ya Pensheni, wazunguke visiwa vya Ssese vya Ziwa Victoria mpaka uzee uwachoshe. “Mama Lakica,” alimwambia, na sauti yake siku hiyo ilikuwa laini kweli, “maisha yetu yote tumelinda mali za watu. Twende tukale upepo wetu.” Mnunuzi alishampata, Khisa, Mkenya wa kutoka Bungoma anayeuza nafaka Kansanga. Khisa alikuwa mtu safi, Mkristo, haongezi neno. Kilichobaki ni karatasi moja tu. Nyumba ya familia haiuzwi bila mke kutia sahihi.

Na sahihi hiyo ndiyo Santa alikuwa amebeba kifuani siku ishirini, ikimlemea kuliko mzigo wa kuni.

Walikubaliana hivi: wiki tatu ziwani, kwa majaribio. Siku ya ishirini na moja, saa nane mchana, Khisa atawasubiri Ggaba na karatasi yake. “Ukichoka, sema,” Kidega alimwambia. Ni rahisi kusema hivyo. Santa alipewa na bibi yake jina la Aol, ambalo kwa Kiacholi ni kama kusema nimechoka, lakini tangu aolewe neno hilo hajawahi kulitoa mdomoni mbele ya mumewe. Alilelewa kwamba mke hasemi kachoka, huonekana. Basi akangoja aonekane.

Tusidanganyane, visiwa vilikuwa vizuri. Mchanga mweupe, msitu unashuka mpaka majini, ndege wengi. Lakica, binti yao, aliyeomba likizo kwenye duka la dawa ili amsindikize mama yake, alipiga picha mpaka simu ikakataa. Lakini uzuri hauliki wala haulaliki. Kisiwa cha kwanza Santa alishangaa, cha pili akatabasamu, cha tano akauliza kama kuna choo. Wadudu wa ziwani walikuja kama moshi wakaingia kwenye chai, kwenye ugali, kwenye masikio. Nguo hazikukauka. Na kile chumba cha chini ya sitaha, ambacho ukisimama unagonga kichwa, Kidega alikigawa katikati kwa pazia, wao huku, Lakica kule. Pazia la maua mekundu. Siku alipolitundika Santa alilishika pindo, akaliachia.

Maana pazia kama lile alilijua. Katika kambi ya polisi ya Nsambya walikaa miaka ishirini na miwili katika kibanda kimoja cha bati, cha mviringo, wao upande huu na watoto upande ule, katikati pazia. Jua likiwaka mnaiva, mvua ikinyesha hamsikilizani. Santa aliuza odii, ile siagi ya karanga na ufuta, na chapati kwenye lango la kambi miaka hiyo yote, tofali moja moja, mpaka nyumba ya Kyebando ikasimama. Kuta zake hazikuinama wala kuvuma. Ilikuwa na mlango wa mbao aliouchagua yeye, na vyumba vitatu, kila kimoja na mlango wake. Usiku wa kwanza alizunguka akiifunga na kuifungua ile milango, ili asikie tu. Na alikuwa amekaa humo miaka mitano tu. Mitano, baada ya ishirini na miwili.

Lakini nilikuwa nasema habari ya asubuhi ile. Pensheni lilikuwa limetia nanga mbele ya Kasenyanja, kisiwa kidogo chenye nyumba kama thelathini na mama mmoja mkaanga samaki aliyewakarimu jana yake. Upepo ukiwa mzuri, kabla ya jioni wangekuwa Ggaba, siku moja kabla ya miadi. Hilo ndilo lililomweka Santa hai. Usiku mmoja Kyebando, kwenye kitanda kisichotikisika, mlango umefungwa, kabla ya kukutana na Khisa. Alijua moyoni kwamba akilala pale usiku mmoja atapata nguvu ya kumwambia mumewe hapana. Bila usingizi ule, alijijua, angetia sahihi kwa uchovu tu.

“Lakica!”

“Yupo, afande,” Lakica akaitika kutoka mbele, alikokuwa anaitayarisha kamba ya nanga.

“Kuruta!”

Kimya.

Hapa lazima nieleze jambo la kambi, maana asiyekaa kambini hawezi kulijua. Kila Jumamosi wake za askari waliitwa majina kabla ya kufagia uwanja, na asiyeitika alipewa vyoo aoshe peke yake wiki nzima. Wanawake nao wakajiwekea sheria yao: mwenzio akikosekana, mwitikie. Jirani yake Ayoo amelazwa na mtoto, basi Santa anaitika mara mbili, ya pili kwa sauti nyembamba. Santa mwenyewe aliitikiwa siku alipokuwa anajifungua Lakica. Mama aliyeita majina alijua, nao walijua kwamba anajua, mambo yakaenda. Kumwitikia mwenzio hakukuwa uongo, kulikuwa utu. Baada ya miaka yote hiyo mdomo wa Santa uliitika wenyewe, bila kumwomba ruhusa mwenye mdomo.

Alikuwa bado chini, ndiyo kwanza anajitoa kwenye blanketi lililolowa. Akadhani mbwa amelala kule mbele, kachoka kama yeye. Kwa nini aamshwe bure?

“Yupo, afande,” akaitika.

Kidega alicheka puani, akidhani mbwa yuko na mama huko chini. Lakica naye akadhani hivyo hivyo. Daftari likatiwa alama, nanga ikapanda, tanga likajaa, na Kasenyanja ikaanza kupungua nyuma yao.

Mpaka saa nne, Santa alipopanda na kichwa cha sangara kwenye sahani na kuita, “Kuruta, njoo ule.” Akaita tena. Akachungulia chini ya tanga la akiba.

“Lakica, mbwa yuko wapi?”

“Si uko naye chini, Mama?”

Walitazamana. Kidega, mkono kwenye usukani, alikuwa amesikia. Akamuuliza mkewe polepole, “Si wewe uliyemwitikia?”

“Mimi,” Santa akasema. “Nilidhani amelala.”

Alingoja agombezwe. Angegombezwa ingekuwa nafuu, angepata pa kukasirikia. Kidega alitazama jua, akatazama tanga, akasukuma usukani, na Pensheni likageuka taratibu likaelekeza pua kule walikotoka.

“Baba,” Lakica akasema, “tumetembea masaa manne. Na upepo wa mchana ukianza utatoka huko huko mbele.”

“Najua.”

“Tungempigia mtu simu. Yule mama wa samaki angemweka tu, tukamfuata wiki ijayo.”

“Mmoja hayupo,” Kidega akasema. “Boti halikupaswa kutoka.”

Na ndivyo walivyorudi. Kabla ya saa sita upepo wa mchana ukaanza, ukawapiga usoni, na mafuta ya injini ndogo yalikuwa yamebaki ya kuingilia Ggaba tu. Boti la tanga haliendi upepo unakotoka, huenda kwa kupindapinda, kushoto kidogo, kulia kidogo, na kila linapogeuka lazima wote wainame na kuhamia upande wa pili. Walihamia mara thelathini. Hapo Santa aliacha kuhesabu. Maji yalimrukia, akayaacha. Usiku wake wa Kyebando ulikuwa unazama mbele ya macho yake, na aliyeuzamisha ni yeye mwenyewe kwa neno moja.

Alikasirika. Mwanzoni alimkasirikia mbwa, halafu akajikasirikia mwenyewe. Kisha, akiwa ameegemea mlingoti na miguu yake imekufa ganzi, akamtazama mumewe. Mtu wa miaka sitini na moja, midomo imepasuka kwa jua, amekazana na usukani kwa ajili ya mbwa wa sikio moja. Hakuuliza mara mbili. Alipojua tu kwamba mbwa hayupo, akageuka.

Mimi je, Santa akawaza. Mimi mbona hajawahi kunigeukia?

Jibu likamjia hapo hapo, na halikumpendeza hata kidogo. Angemgeukiaje? Kila alipoitwa aliitika. Kambini aliitika, gengeni aliitika, siku Kidega alipomwonyesha lile boti la vyura akamuuliza, “Unaliona?” akasema analiona, zuri. Alipomuuliza habari ya kuhamia majini akasema tutajaribu. Siku ishirini hizi, asubuhi na jioni, yupo, afande. Kidega wa watu alikuwa ametia alama zake vizuri. Ni yeye Santa aliyekuwa akimwitikia mwanamke mwingine, mmoja ambaye hakuwepo siku nyingi, kama alivyomwitikia Ayoo. Machozi yalimtoka, na kwa sababu uso ulikuwa umeshalowa hakuna aliyeona.

Walifika Kasenyanja jua limeelekea magharibi. Mkaanga samaki, Sumayiya, alikuwa anaosha sufuria yake ufukweni.

“Nyabo, mbwa yenu iko hapa,” alisema akicheka. “Wala haikusumbua. Iliogelea ikaja alfajiri, imelala tu kutoka hapo.”

Kuruta alikuwa chini ya benchi la Sumayiya, kwenye udongo mkavu, ameyanyoosha miguu yote minne. Kidega alipiga mluzi. Mbwa aliinua kichwa, akatikisa mkia mara mbili kwa heshima, akakirudisha kichwa chini.

“Kuruta! Njoo!”

Mkia ukatikisika tena. Mwili haukusogea.

“Anaumwa?” Lakica akauliza.

“Haumwi,” Santa akasema. “Hataki.”

Akaenda akakaa chini pembeni ya mbwa, kwenye udongo ule ule. Ardhi haikutikisika. Akaegemea mguu wa benchi, na kabla Sumayiya hajamletea maji alikuwa ameshalala, mdomo wazi, kiganja kwenye mgongo wa Kuruta. Sumayiya akamfunika kanga. “Bambi, maskini, mama huyu amechoka,” akasema. Kidega alisikia. Alimtazama mkewe, kisha akaenda kukagua kamba ambazo alikuwa ameshazikagua.

Kesho yake walitoka alfajiri. Kuruta alibebwa kama mtoto. Majina yaliitwa, Santa akaitika kwa sauti ndogo, na safari hii Kidega alikwenda mwenyewe akamgusa mbwa kichwa kabla ya kutia alama. Santa aliona. Akajiambia, mbwa sasa anahakikiwa kwa mkono. Njia nzima hakuongea, na Kidega, ambaye kwa kawaida husimulia kila mwamba aliowahi kukamatia wavuvi haramu, naye hakuongea. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, lakini siku ile hata wao wangechoka kuungoja.

Saa nane kasoro Ggaba ikatokea, na mabati yake, na harufu ya samaki na moshi, na kelele za watu wa Kampala. Khisa alikuwa ameshafika. Walimwona kwa mbali, amevaa shati jeupe la mikono mirefu, bahasha ya kaki kwapani, anakwepa matope kwa viatu vyake vya kanisani.

Pensheni liligusa mchanga. Kidega akafunga kamba kwenye gogo la ufukweni, akachukua daftari lake. Ilikuwa sheria, mtu hashuki kabla ya kuhesabiwa. Lakini alipoinua macho Santa alikuwa ameshashuka. Maji yalimfika magotini, gauni lake la gomesi amelikunja kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine amemkumbatia Kuruta, na alikuwa anatembea. Alifika pakavu akamtua mbwa.

“Mama, pole na maji,” Khisa akasema, akampokea kwa mikono miwili. “Poleni na safari. Karatasi ninayo. Ni kutia tu sahihi hapa chini, halafu twende tukanywe chai.”

“Asante, baba,” Santa akasema. Bahasha aliyonyooshewa hakuichukua.

Nyuma yake sauti ikaanza, sauti ile ile ya kila siku.

“Santa Aol!”

Hakugeuka. Watu wawili waliokuwa wanapakua ndizi walisimama kutazama.

“Santa Aol!”

Lakica alikuwa bado ndani ya boti. Alimtazama baba yake, akautazama mgongo wa mama yake, akaona jambo linataka kuharibika mbele za watu. Naye alizaliwa kambini. Akafanya kile alichofundishwa.

“Yupo, afande,” akaitika, kwa sauti nyembamba.

“Lakica, usiniitikie,” Santa akasema, mgongo bado kwao.

Ndipo Santa akageuka.

“Hayupo,” akasema. “Andika hivyo, Baba Lakica. Hayupo.”

Kidega alikuwa ameshika kalamu. Khisa akairudisha bahasha kwapani.

“Tangu lini?” Kidega akauliza.

Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama askari anayetaka kuandika sawasawa.

“Tangu kambini,” Santa akasema. “Tangu lile pazia la kwanza. Ulikuwa unaita nami naitika, kumbe nimechoka. Nimechoka, Baba Lakica. Sikai tena nyuma ya pazia. Nyumba yangu siuzi.”

Alilisema bila kupaza sauti. Lilikuwa neno dogo, na lilikuwa limemchukua miaka ishirini na saba kulifikisha pale ufukweni.

Kidega alitazama daftari. Aliandika, kwa mwandiko wake wa taratibu wa kituoni, akapiga mstari chini. Kisha akainama akachukua ile kamba, akaizungusha kwenye gogo mara ya pili, na ya tatu, akakaza fundo kwa nguvu, fundo la boti ambalo haliendi popote. Khisa aliona fundo lile akaelewa. Akawaaga kwa adabu, akaondoka akichagua pa kukanyaga.

“Mama Lakica,” Kidega akaita. Alikuwa bado ndani ya boti, ameshika daftari kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu Santa amjue alionekana mtu asiyejua amri inayofuata.

“Naam.”

“Nikutafute wapi?”

Santa alimtazama. Alimpenda, mzee yule wa midomo iliyopasuka, hilo halikuwa limechoka. Kuruta alikuwa ameshatangulia kwenye njia ya kupanda barabarani, hatazami nyuma.

“Kyebando,” akasema. “Ukija, pitia dukani ulete mkate na majani ya chai. Na piga hodi. Nitakuwa nimelala.”